Mahali pa Godoro

Sajini Kalekye aliingia kwenye chumba cha mahojiano akiwa na fulana nyeupe mkononi. Aliitandaza mezani mbele ya Oyoo, akaisawazisha kwa kiganja kama mtu anayetandika kitambaa cha kulia.

"Unaijua hii?"

Oyoo hakuinua kichwa. "Ni ya matanga."

Kifuani pa fulana kulikuwa na picha. Ilionyesha jengo la vyoo vya jamii la kijiji cha Raila, mtaani Kibera, lile la ghorofa moja lenye slabu bapa juu. Ukingoni mwa slabu alisimama Oyoo mwenyewe, mikono yote miwili ameinyoosha mbele. Mbele ya mikono hiyo, hewani, alikuwa Derrick, mwenzake wa sarakasi, kifua wazi, miguu juu ya kichwa. Chini yao kulikuwa na maneno ya kumtakia Derrick apumzike.

Nusu ya Kibera ilikuwa na picha hiyo kwenye simu. Inspekta Shiundu, mkubwa wake Kalekye, alikuwa ameibandika kwenye faili, ukurasa wa kwanza kabisa. "Hii kesi imejipiga picha yenyewe," alikuwa amesema, na watu ofisini walicheka kidogo, vile watu hucheka wakiwa wamechoka. Sababu ya kuua ilikuwepo: kundi moja la sarakasi lililokuwa likisafiri ng'ambo lilikuwa na nafasi ya kijana mmoja tu kutoka Raila, na vijana wawili walikuwa wakiigombania. Kesho asubuhi Oyoo angepelekwa mahakamani kushtakiwa kwa mauaji.

Kalekye alikuwa amepewa faili hiyo ili apange karatasi zake vizuri. Hakuna aliyemwomba aichunguze upya.

"Nieleze ilivyokuwa," alisema.

"Nimesema, madam. Nimesema mpaka nikachoka."

"Niambie mimi."

Oyoo alizungumza kama mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa ukutani. "Godoro lilikuwa chini, tumelifunika nailoni. Derrick ameruka poa mara kadhaa. Khamala akatoka kwa kamera yake akalivuta godoro kando. Mimi nikamnyooshea mikono nikamwambia rudisha, wee, rudisha. Nikaona Derrick amenipita kando yangu. Basi."

"Khamala anasema godoro lilikuwa palepale. Anasema ulimsukuma Derrick, akaangukia nje ya godoro."

"Najua vile anasema."

"Kama godoro limevutwa, Derrick aliruka kwa nini?"

"Sijui. Mimi sikupiga makofi."

Kalekye aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Maelezo ya Oyoo yaliyokuwa kwenye faili yalijaza ukurasa mzima, na hayakuwa na makofi popote.

"Makofi gani?"

"Ya kuruka." Kwa mara ya kwanza kijana alimtazama. "Msee wa kuruka anaanzia nyuma kabisa ya slabu, ndio apate mbio. Huko nyuma haoni chini. So mwingine anasimama ukingoni, anaangalia godoro. Kama liko sawa, anapiga makofi. Mara moja tu, pa. Bila makofi haturuki. Tulianza hivyo tukiwa watoi."

"Na siku hiyo, hukupiga."

"Ningepigaje na godoro halipo?"

"Kuna mtu alipiga?"

Oyoo alirudisha macho mezani. "Nilisikia kitu. Labda ni mlango wa choo, ile mabati. Kulikuwa na upepo. Sijui, madam. Si andika tu mnachotaka."

Kalekye aliikunja fulana, akaondoka.

*

Milango ya vyoo vya Raila ilikuwa ya mabati kweli. Kalekye aliingia uwanjani kwa kupitia geti dogo, akasimama mahali Derrick alipoangukia. Mvua ya siku zilizofuata ilikuwa imeosha kila kitu. Mama mmoja alikuwa akisubiri zamu yake ya kuoga, ndoo mkononi, akimtazama bila kuuliza chochote. Siku ya picha kusingekuwa na mtu kama yeye hapo; Khamala alikuwa amewaomba watu wote watoke na geti likafungwa, ili wasiingie kwenye picha.

Aliufungua mlango wa kwanza mpaka mwisho, akauachilia. Ulikwenda polepole, ukagusa fremu na kusimama. Akausukuma kwa nguvu zake zote. Ulitoa mlio mzito wa kutetemeka, kama sufuria kubwa iliyoangushwa sakafuni, na mlio huo ukachukua muda kuisha.

"Madam, utatuvunjia," mama wa ndoo alisema.

"Huwa unajifunga na upepo?"

"Huo? Huo hata mtu akiwa ndani haujifungi. Tunashika na mkono."

Kalekye alijaribu mlango wa pili na wa tatu. Yote ilikuwa vilevile. Hakuna mlango pale uliosema pa.

*

Nyumba ya Nanyama, mamake Derrick, ilikuwa Soweto West, hukohuko Kibera. Aliketi kwenye benchi nje ya mlango akichambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa akiokota maharagwe mazuri na kuyatupa pamoja na mawe, halafu akiyaokota tena yalipokuwa yameanguka.

"Karibu, madam. Hao wengine wa kamati ya mazishi wameenda kutafuta basi. Tunasafiri Jumamosi."

"Pole, Mama Derrick."

"Asante. Nimeshapoa." Aliusogeza ungo. "Ingia uangalie, kama ni picha imekuleta. Kila mtu anakuja kuangalia."

Bango lilichukua ukuta mzima, kuanzia darini mpaka juu ya kitanda. Ilikuwa picha ileile ya fulana, lakini kwenye fulana walikuwa wameikata miguu, yaani sehemu yote ya chini. Hapa ilionekana yote: mbingu, slabu, vijana wawili, ukuta wa vyoo, na chini kabisa, uwanja. Udongo ulikuwa mweusi, wa kulowa.

"Ilinyesha siku hiyo?" Kalekye aliuliza.

"Manyunyu tu. Walikuwa wameshaanza. Walijikinga pale kwa ngazi, yakaisha, wakaendelea."

Kalekye alipiga goti kitandani ili aone karibu. Chini ya ukingo wa slabu, katikati ya ule udongo mweusi, kulikuwa na sehemu iliyopauka, kubwa kiasi, yenye kingo zilizonyooka. Alidhani ni wino uliokolea vibaya. Akasugua kwa kidole, haikutoka.

"Hapa kuna kitu kilimwagika?"

"Nimeipokea hivyo."

"Nani aliichagua picha hii?"

"Ni mimi." Nanyama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. "Hii si ya kwanza. Ya kwanza Khamala aliileta kwa laptopu. Alitaka kunifurahisha, yule kijana. Alikuwa ameunganisha picha nyingi kuwa moja, Derrick mwanzo wa kuruka, Derrick juu, Derrick akizunguka, Derrick akishuka. Wote kwa picha moja. Nikaona mtoto wangu amejaa hewani."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia, Khamala, mimi nilizaa huyu mmoja, na ninazika mmoja. Nikipeleka hii nyumbani Bungoma, wazee watauliza ni nani tumebeba kwa sanduku. Maiti haifanywi wengi. Toa hao wengine."

"Akatoa?"

"Hapohapo, kwa hiyo benchi. Anabonyeza, mmoja anapotea. Anabonyeza, mwingine anapotea. Hata chai haikuwa imepoa. Akaniuliza abakishe gani. Nikamwambia huyo wa juu, kwa sababu anacheka."

Kalekye aliangalia. Ni kweli. Kichwa kikiwa chini na miguu ikiwa juu, Derrick alikuwa anacheka. Nusu ya Kibera ilikuwa imeitazama picha hii na kuona mtu akisukumwa, na hakuna aliyetazama uso.

"Na Oyoo? Alipotoa wengine, Oyoo alibadilika?"

"Oyoo hakuguswa. Alikuwa amesimama vilevile."

"Mikono hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

"Derrick walipokuwa wengi, hiyo mikono ilionekana aje?"

Nanyama aliitazama picha. Sauti yake ilipotoka haikuwa na hasira wala kitu kingine. "Kama mtu anaachilia njiwa," alisema. "Sasa ndio inaonekana vile nyinyi mnasema."

Alienda kwenye kabati, akagusa kikombe cha bati chenye maua kilichokuwa peke yake pembeni.

"Hiki ni chake. Oyoo. Alikuwa anakula hapa kuliko kwao. Sijui nikitupe ama nikioshe. Ni yeye, madam?"

"Sijui bado."

"Kesho mnampeleka kortini na hujui?"

Kalekye aligeukia ukuta. "Naomba bango," alisema. "Nitalirudisha kabla ya Jumamosi."

Walilitoa pamoja, kila mmoja akishika upande wake, wakalikunja.

*

Studio ya Khamala ilikuwa Gatina, upande wa Kawangware, kwenye ghorofa ya chini ya jengo la kupangisha, katikati ya kinyozi na kanisa lililokuwa likijaribu spika zake. Khamala ndio kwanza alikuwa akifungua. Aliliinua shata la chuma mpaka juu, lililia kwa kutu, kisha akapangusa mikono yake kwa kuigonga pamoja. Alikuwa kijana nadhifu, ndevu zimechongwa, miwani mikubwa.

"Karibu, karibu! Passport ama ya familia? Tunatoa pia kitambi, bila jasho, bila mazoezi."

"Sajini Kalekye, kutoka kituoni Kibera."

"Ah." Alivua tabasamu polepole kama koti. "Nilidhani nyinyi mmeshamalizana na mimi."

"Nimekuja kujifunza kidogo. Sielewi hii kazi ya kuunganisha picha."

Hilo lilimrejesha. Aliwasha laptopu, akamvutia kiti. Ukutani nyuma yake picha zilikuwa zimejaa: bodaboda mmoja akiruka tuta mara tano ndani ya fremu moja, msichana akiruka kamba kwa miili mingi kama mnyororo, golikipa wa uwanja wa Gatina akipaa kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine.

"Huyu golikipa ni mmoja," Khamala alisema. "Unaweka kamera kwa stendi. Hiyo ndio siri, kamera isisonge hata kidogo. Unaiambia ipige yenyewe, pa-pa-pa-pa, mfululizo. Ukirudi hapa unazipanga moja juu ya nyingine kama karatasi za plastiki. Ya chini kabisa ndio mama. Ndio inabeba ukuta, udongo, mbingu. Hizo za juu unafuta kila kitu, unabakisha tu mchezaji. Ukiziangalia zote pamoja, unaona mchezaji ako kila mahali, lakini dunia ni moja."

"Kwa hiyo kila kitu kisicho mchezaji kinatoka kwa picha ya chini."

"Exactly, madam. Umeshika haraka."

Kalekye alikunjua bango, akalitandaza sakafuni, akaweka viatu vyake kwenye kona mbili lisijikunje. Khamala aliliangalia mara moja tu.

"Kwa hii, Oyoo anatoka kwa picha gani?"

"Ya chini. Oyoo sikumgusa." Alisema haraka. "Hiyo nilimwambia pia Inspekta. Mikono ni yake, ni ya ukweli, sikuchora. Derrick ndio niliwekelea."

"Na mtu akisema ulimpachika Oyoo kutoka picha nyingine?"

"Atakuwa anadanganya. Jengo, udongo na Oyoo ni click moja."

"Zile za mwanzo ziko wapi? Kabla ya kuunganisha."

"Zilifutika. Kesho yake nilikuwa na harusi, kadi ni moja. Imebaki hii tu, imeshakuwa kitu kimoja. Huwezi kuitenganisha tena."

"Godoro silioni."

"Nililitoa kwa kompyuta. Godoro linaharibu. Mtu anapaa kama malaika, halafu chini kuna godoro la nailoni?" Alijaribu kucheka.

"Linatolewaje?"

"Rahisi." Alifungua picha nyingine, ya golikipa, ambayo pembeni yake kulikuwa na ndoo nyekundu kwenye nyasi. Akaizungushia ndoo mstari, akabonyeza. Ndoo ilitoweka. Mahali pake palikuwa na nyasi. "Programu inaangalia kando kando ya hicho kitu, inaona ni nyasi, inajaza nyasi. Kama ni ukuta, inajaza ukuta. Haijui kulikuwa na nini pale chini. Inakopa kwa jirani."

"Na kama jirani ni udongo wa kulowa?"

"Inajaza udongo wa kulowa."

"Siku zote?"

"Itatoa wapi kingine?"

Kanisani mtu alikuwa akihesabu moja, mbili kwenye maikrofoni. Kalekye alipiga magoti sakafuni, akaweka kidole kwenye ile sehemu iliyopauka chini ya slabu. Akakizungusha taratibu kwenye kingo zake, upande, kona, upande, kona.

"Huu udongo ni mkavu," alisema.

Khamala aliinama, akasogeza miwani.

"Mlilaza godoro asubuhi, kabla ya manyunyu. Manyunyu yakaja, uwanja wote ukalowa, isipokuwa palipofunikwa. Kama ungelitoa kwa kompyuta, hapa pangejaa udongo mweusi, kama huko kwingine. Umenionyesha mwenyewe sasa hivi. Hii programu yako haikujua kulikuwa na nini chini ya godoro. Kamera iliona."

"Labda ni... Inaweza kuwa ilipigwa baadaye. Godoro lilitolewa baadaye."

"Baadaye lini? Derrick alipoanguka mlimbeba kwa godoro mpaka hospitali. Nani alishika kona?"

Khamala alilamba midomo. Hayo yalikuwa kwenye maelezo yake mwenyewe, na alikuwa ameyasema kwa uchungu wa kweli.

"Oyoo," alisema. "Oyoo alishika mbele."

"Basi hapa juu hawezi kuwa amerudi kusimama kwa slabu. Na hapa chini Derrick hayupo. Hajaanguka. Oyoo yuko juu, godoro limeshatolewa, na Derrick bado yuko nyuma kule, mzima, anasubiri. Wewe umesema ni click moja."

Alimpa nafasi. Katika kazi yake alikuwa ameona watu wakilia wakati huu, na wengine wakipiga kelele. Khamala alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, na alipozungumza sauti yake ilikuwa tambarare.

"Nilitaka picha ya chini iwe safi. Ukitoa kitu kikubwa hivyo kwa kompyuta, udongo unajirudiarudia, unaonekana umeshonwa. Nikaona, mbona nisilivute tu. Sekunde moja. Kamera ilikuwa inajipiga yenyewe, nikatoka, nikalivuta."

"Na mikono ya Oyoo?"

"Alikuwa ananifokea. 'Khamala, rudisha! Rudisha!' Nikamwambia tulia, dakika moja. Kamera ndio ilimshika hapo."

"Na Derrick huyu anayecheka?"

"Huyo ni wa mapema. Ile ruka ilikuwa tamu. Alitua vizuri kabisa, akaamka akiuliza kama imetoka." Khamala alitazama bango kwa muda mrefu. "Ile ya mwisho sikuitumia. Nani angetumia ile?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilipofika kituoni watu walikuwa wameshasema ni Oyoo. Mimi sikusema ni Oyoo alisukuma, madam, si kwa maelezo ya kwanza. Niliulizwa kama godoro lilikuwepo, nikasema lilikuwepo. Hiyo tu. Halafu Mama Derrick akaniambia nitoe wengine, nikatoa. Sikufikiria hiyo mikono itabaki ikionekana hivyo. Nikaona fulana. Watu wakaanza kusema, ona, si picha hii. Nami nikaona afadhali."

"Afadhali?"

Khamala aligeukia laptopu.

"Kwa nini Derrick aliruka?" Kalekye aliuliza. "Oyoo anafoka rudisha, na Derrick anaruka. Kwa nini?"

"Hiyo sijui. Haki ya Mungu, madam, hiyo ndio sijui. Najiuliza kila siku. Naona ni Oyoo alimpa ishara, labda bila kujua. Wana ishara zao."

"Zipi?"

"Sijawahi kuwauliza. Mimi ni wa kamera."

Kalekye alimwamini. Alitoa simu, akampigia Inspekta Shiundu.

"Oyoo asiende mahakamani kesho."

"Kalekye, nilikupa faili uipange, sikukuambia uifungue." Nyuma yake kulikuwa na kelele za kituo. "Una nini?"

"Udongo mkavu."

Alimweleza. Shiundu hakumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mwisho alipumua puani. "Na sisi tulikuwa na hiyo picha kwa ukurasa wa kwanza."

"Ile yetu imekatwa miguu, afande."

"Basi nitamtoa. Aende kwao."

"Mwambie pia Mama Derrick hajakitupa kikombe chake. Soweto West. Ataelewa."

"Kikombe?"

"Mwambie tu hivyo."

Kalekye alivaa viatu, akakunja bango, akamwambia Khamala wanaenda kituoni. Khamala alizima laptopu, akazima taa. Wateja wawili waliokuwa wakija walisimama, wakaona uso wake, wakapita kana kwamba walikuwa wakienda kwa kinyozi. Nje jua lilikuwa limewaka sawasawa. Khamala alilishika shata, akalivuta chini kwa mikono miwili mpaka likagonga sakafu, akafunga kufuli. Kisha, bila kufikiri, akapangusa kutu mikononi kwa kuigonga pamoja.

Pa.

Kalekye alisimama. Asubuhi ileile alikuwa amemwona akifanya hivyo, alipolifungua, na hakuona kitu.

"Godoro lilikuwa na matope?" aliuliza.

"Nailoni yake. Pembeni. Nilishika matope hadi—"

"Ulipolivuta ukamaliza, ulifanya nini na mikono?"

Khamala alimtazama kana kwamba swali hilo lilikuwa la kitoto. Akafungua mdomo kujibu. Halafu akaangalia mikono yake, iliyokuwa bado imekaribiana mbele ya kifua.

"Anayeruka anasimama nyuma ya slabu," Kalekye alisema. Alisema polepole, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kulisema. "Huko nyuma haoni chini. Anasubiri kusikia makofi, mara moja. Akisikia, anajua godoro liko sawa. Walianza hivyo wakiwa watoto."

Kinyozi alicheka na mteja wake. Kanisani spika zilikuwa zimepona na wimbo ukaanza.

"Hawakuniambia," Khamala alisema.

"La. Na wewe hukuuliza."

"Hawakuniambia."

Alirudia mara nyingine, kwa sauti ileile. Kalekye alimfungulia mlango wa nyuma wa gari. Hakumtia pingu. Aliliweka bango kiti cha mbele, akalifunga mkanda lisianguke, maana Jumamosi lilikuwa na safari ndefu.

Njia nzima mpaka Kibera, kila Kalekye alipotazama kwenye kioo alimwona Khamala ameketi wima, mkono mmoja kwenye goti hili, mwingine kwenye goti lile, vidole vimetanuka. Gari lilipoingia shimoni likawarusha, alishika kiti kwa mkono mmoja tu. Ule mwingine aliuweka mbali, na hata waliposimama uani mwa kituo na kumwambia ashuke, alishuka hivyo, mikono imeachana, kama mtu aliyebeba kitu kipana ambacho wengine hawakioni.

Oyoo alikuwa kaunta, akivaa mkanda na kufunga kamba za viatu alivyorudishiwa. Aliinua macho. Aliiona ile mikono, na hakuna aliyehitaji kumweleza makofi yalitoka wapi.